Neno la Simu ya Epifania

Mimi naitwa Vestina, fundi cherehani hapa Kibondo, na kwa miaka kumi nimeshona nguo kwenye baraza moja na mtu asiyejua kunyamaza. Anaitwa Ndayiragije, fundi simu. Kati ya meza yake na cherehani yangu pana ndoo ya maji ya kunywa tu, ukuta hakuna, kwa hiyo kila anachosema kinaniingia nitake nisitake. Mteja anakuja na simu iliyopasuka kioo, shida yake kioo, anaondoka na kioo pamoja na habari za mwezi na nyota.

Saa mbaya ilikuwa asubuhi. Kwetu huku ukungu unashuka mpaka barabarani, unaona vichwa vya mikaratusi lakini mashina huyaoni, na watu wanatokea humo polepole wakiwa na baiskeli zao za ndizi. Wateja bado. Hapo ndipo Ndayiragije alipokuwa anaongea kama mtu ambaye hajatoka usingizini sawasawa.

"Shemeji," ananiambia, "unajua hapa tulipokaa tunapitiwa na maneno ya watu? Mtu wa Kasulu anampigia mtu wa Kakonko, maneno yanapita hapa. Yanapita kwenye cherehani, yanapita kwenye mwili wako. Unahisi nini?"

"Nahisi mgongo," namjibu.

Anacheka, anaendelea. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sipendi kuelezwa jambo ambalo sijauliza. Lakini kuna asubuhi nilisimamisha mguu kwenye pedeli nikatazama ule ukungu, na nasema ukweli, nikaona kama maneno yanapita kweli, laini, salamu na majina ya watoto na habari za mvua, yote yanakwenda kwa wenyewe. Sikumwambia. Angevimba kichwa.

Namwita shemeji kwa sababu ya mkewe, Epifania. Mimi na Epifania tulipata kipaimara siku moja Murungu, tukaimba kwaya moja, na ni yeye aliyenitafutia nafasi kwenye hiyo baraza. "Utamzoea," aliniambia. "Mimi nimemzoea."

Maoni ya Ndayiragije hayakuwa na mipaka. Kuhusu kusajili laini kwa alama za vidole alikuwa na haya: "Mimi nimesajiliwa mara nyingi kuliko trekta." Na ni kweli. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni. Akaandikwa kambini, akaandikwa shuleni, akaandikwa alipopewa uraia, akaandikwa kwenye kitambulisho cha taifa, halafu laini. Hakuwa analalamika, alikuwa anahesabu tu kama mtu anayehesabu ndugu zake. Siku moja alikwenda Manyovu, mpakani, kumsalimia kaka yake, akakaa kwenye kigoda uani, simu ikaingia ujumbe wa kumkaribisha Burundi. "Sijasogea hata hatua moja, shemeji. Nipo kwenye kigoda, simu imenirudisha." Akacheka sana. Halafu akanyamaza muda mrefu, yaani kwa kipimo chake, mpaka chai ilipoletwa.

Lakini alichokipenda kuliko vyote kilikuwa usalama wa simu. Hapo alikuwa mchungaji kabisa. Usibonyeze kitu usichokijua. Ukipigiwa na mtu anayejua jina lako, usifurahi, jiulize kalitoa wapi. Na neno la siri, neno la siri halina ndoa. Hilo aliwaambia hata maharusi. Usimwambie mke, usimwambie mume, usimwambie padri.

Na Epifania alimsikiliza. Vidole vyake vilikuwa vya jembe na mihogo ya kuloweka, simu ikawa haivitambui. "Imenikataa," alisema, akaifuta kwa upande wa kitenge, ikamkataa tena. Basi mumewe akamwekea mfumo wa kuandika neno. Nilikuwepo. Wakati Epifania anaandika, Ndayiragije aligeuka akatazama barabarani, kama mwanamume anayempisha mtu abadilishe nguo. Halafu akaiwekea na ulinzi mwingine: mtu akikosea mara kumi na tano, simu inajifuta yote, inabaki kama ilivyotoka dukani. Alijivuna kwa hilo wiki nzima.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni L. Lazima nieleze. Sisi huku lugha ya nyumbani ni Kiha, na ulimi wa Kiha unaipenda R, L tunaipata kwa kuitafuta. Ndayiragije alijifunza Kiswahili chake redioni, akaipata L safi, na hakutaka mtu mwingine aishi bila kuwa nayo. Epifania hakuhangaika. Kwake ilikuwa kurara, kurima, na kila alipotaka kumpinga mumewe alianza na "rakini".

"Lakini, mama. La. Ulimi uguse juu."

"Rakini si umeelewa?" Mimi hapo sindano inaniponyoka kwa kicheko.

Mwezi wa tatu mwaka jana Epifania aliugua. Sitaeleza sana. Ilikuwa ya siku tisa, mvua ikinyesha siku zote tisa, na alfajiri ya siku ya kumi akatuacha. Tulimzika kwao Murungu, udongo ukiwa mzito kwenye makoleo. Baada ya matanga Ndayiragije alirudi barazani na simu ya mkewe kwenye mfuko wa shati. Akakaa. Akatengeneza simu za watu. Hakusema kitu.

Miaka tisa nilimwomba Mungu mtu huyu anyamaze. Nikapewa, na sikuitaka. Ukungu ulikuwa unashuka, tunakaa humo wawili, nasikia cherehani yangu tu. Nilianza mimi kumuuliza vitu, mimi Vestina. Nikamuuliza mwezi uko mbali kiasi gani. Akasema, "Mbali," akaendelea kukaza skrubu.

Mwezi wa saba ndipo aliponieleza. Mteja alikuwa ameondoka, yeye akaitoa ile simu akaiweka juu ya mfuniko wa ndoo yetu ya maji.

"Shemeji, sauti yake inaniondoka," alisema. "Uso ninao. Mwendo ninao. Sauti naitafuta, naikosa."

Nikamwambia lazima ana hata ujumbe mmoja wa sauti. Akatikisa kichwa. Walikuwa wanaishi nyumba moja, wanakula sufuria moja, nani amtumie mwenzake ujumbe wa sauti? Lakini jioni nyingi, alisema, Epifania alikuwa anakaa na simu hiyo mkononi ikirekodi, kile kidoti chekundu kinawaka. Yeye alidhani anarekodi nyimbo za kwaya za kujifunzia. Kwa hiyo sauti imo humo. Imo ndani, na yeye yuko nje. Alikwenda mpaka Kasulu kwa fundi anayemwamini, yule akamwambia anaweza kuifungua, ila itafunguka ikiwa tupu.

"Umejaribu mara ngapi?"

"Kumi na tatu."

Akanionyesha kipande cha boksi alichoandika maneno aliyojaribu. Jina la mama mkwe wake. Murungu. Gwarama, alikozaliwa bibi yake Epifania. Jina la kwaya. Jina la mbuzi. La nane lilikuwa Vestina. Nililisoma nikajifanya natafuta mkasi.

"Hakukuambia kitu?" niliuliza.

"Aliniambia. Hakumaliza."

Ilikuwa hospitali, jioni ya mwisho, wodi imejaa wagonjwa na watu wanaowauguza. Alikuwa ameichaji ile simu nje akamrudishia kitandani, na Epifania akasema wazi, kwa sauti ya kawaida: "Neno la simu ni..." Ndayiragije akashtuka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwekea kidole mdomoni, na hilo hajisamehe mpaka leo. Akamwinamia, akamwambia sema polepole. Epifania akamtazama, akasema, "Rakini." Akafumba macho. Yeye akasubiri. Akasubiri amalizie alichotaka kupinga. Epifania akalala, na asubuhi hakuamka.

"Miezi minne," Ndayiragije aliniambia, "najiuliza alitaka kusema lakini nini. Lakini sitaki ujue? Lakini wewe ulisema nisikuambie? Lakini nini, shemeji?"

Alikuwa analia, na mimi nilikuwa nalia, na mtu aliyekuja na kaptula ya kuwekwa kiraka alisimama kidogo akaondoka na kaptula yake. Ndipo jambo likanijia. Likanijia taratibu, kama mtu anavyotokea kwenye ukungu, kwanza baiskeli.

"Shemeji," nikasema. "Na kama alikuwa amemaliza?"

"Amemaliza nini?"

"Neno la simu ni. Ukamziba mdomo. Ukamwambia sema polepole. Akasema."

Alinitazama kama nimempiga kibao. Neno alilolisema mara mia kwa mwaka, na mumewe kumrekebisha mara mia. Nani mwingine angelichagua? Nikaanza kucheka ndani ya machozi, namjua Epifania, alilichagua makusudi akiwa ametulia kabisa, mumewe amempa mgongo anatazama barabarani.

Ndayiragije akachukua simu. Akaiwasha kwa vidole vinavyoshika skrubu ndogo kuliko punje ya mtama. Akaandika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikaona herufi kabla hazijageuka vidoti. Simu ikatikisika kidogo, ikakataa. Chini yake ikaandika kwamba imebaki nafasi moja, na baada ya hiyo kila kitu kitafutwa.

Akaiweka chini. "Basi," akasema. "Siyo hilo."

"Umeandika nini?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimeona.

"Lakini."

"Umeanza na nini?"

"Na L, shemeji. Ndivyo linavyoandikwa."

Hapo hasira zangu zote za miaka tisa zilinipanda kichwani. Nilimwambia wewe mtu, wewe mtu umesoma simu za dunia nzima na mkeo hukumsoma. Epifania aliandika L lini? Alikuandikia L wapi? Kwenye orodha ya sokoni aliandika "mchere", na ulikula.

Alikaa bila kugusa simu muda mrefu, maana nafasi ilikuwa moja. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeshaondoka na jua limefika miguuni kwetu, watu wanapita wanasalimia, tunawaitikia bila kuwaona. Mwishowe akanisogezea simu. Akasema andika wewe, mimi kidole changu kitakwenda kwenye L chenyewe. Nikafuta mkono kwenye kitambaa nilichokuwa nashona, sketi ya shule ya mtu, nikaandika herufi sita, nikianza na R. Simu ikafunguka.

Picha ya kwenye kioo ilikuwa shamba la maharage. Ndayiragije akatafuta rekodi, akazikuta, zimepangwa kwa tarehe, kidole kinazisukuma na hazifiki mwisho. Akagusa ya juu. Tukasikia upepo, sufuria, kuku. Halafu sauti.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ndayiragije, anaeleza kwamba mwezi unasogea mbali na sisi kila mwaka, kama upana wa vidole viwili. Akaizima, akagusa nyingine. Ndayiragije, kwa nini usijiunge na mtandao wa bure wa gesti. Nyingine. Ndayiragije, kuhusu kompyuta zinazoandika barua zenyewe, na serikali inafaa izifanye nini. Akagusa nyingine na nyingine, kwa haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko yake.

"Zake ziko wapi?" aliniuliza.

Nikakumbuka Murungu, msimu wa kupanda, nilipokwenda kumsaidia kulima. Ukungu ulikuwa mzito, mtu wa mstari wa pili humwoni. Epifania alikuwa mbele yangu, na kiunoni mwake, ndani ya kitenge, sauti ya mwanamume ikinong'ona bila kukoma, na jembe lake linakwenda nayo. Nilidhani redio. Nikamuuliza hiyo redio haichoki? Akasema, "Haichoki." Nilimweleza Ndayiragije hivyo, neno kwa neno. Aligusa rekodi nyingine, safari hii hakuizima, akaisogeza masikioni kwetu wote wawili.

Alikuwa anaeleza kwa nini mbu wanawapenda watu wengine kuliko wengine. Na chini ya maneno yake, katika vile vituo vyake vya kuvuta pumzi, mtu alikuwa anaitikia. "Ego," ndiyo ya kwetu. Kidogo, karibu kabisa, maana simu ilikuwa mkononi mwake. "Ego." Ndayiragije alifumba macho. Mbu, jasho, pumzi ya mtu. "Ego." Nilimjua mara moja, nikashika ukingo wa meza.

Halafu tukamsikia akivuta pumzi kuanza sentensi. "Rakini..."

"Lakini, mama," ikasema sauti ya mumewe kwenye simu, kwa furaha kabisa. "Ulimi juu. Sasa sikiliza, mbu jike peke yake ndiye..."

Ndayiragije aliinamia ile simu kwa mikono yote miwili. "Nyamaza, wewe," aliiambia. "Nyamaza. Mwache aseme."

Yule wa kwenye simu hakunyamaza.