Koki ya Ghorofa ya Juu

Zlatina alikuwa mshona mapazia hapa Samokov, mji wa milimani Bulgaria, na hakuwahi kuolewa. Baba yake alipofariki, nyumba iligawanywa. Kaka yake Krastyo, dereva wa basi, alichukua chini yeye na mkewe Pavlina. Zlatina akabaki juu.

Vyumba viligawanyika, mabomba hayakugawanyika. Mzee aliyafunga kwa mikono yake: boila la makaa ya mawe chini kabisa ya nyumba, maji ya moto yakipanda yenyewe hadi kwenye rejeta za ukutani za kupasha vyumba joto na pipa la maji ya kuoga la kila ghorofa, kisha yakirudi chini yakishapoa. Darini aliweka tangi la wazi.

Mtoto wa Krastyo alipotaka kuoa, Krastyo akaona dada yake anajaza nafasi bure.

"Mtu mmoja, vyumba vitatu. Vya nini?"

"Vya kuishi, kaka."

Majira ya baridi yalipoingia, rejeta za juu zikapoa. Bafuni yakawa yanatoka maji ya barafu. Zlatina akashuka.

"Kaka, umefunga koki ya juu?"

"Boila liko kwangu, koki iko kwangu. Ukitaka joto, nenda kwa shangazi Plovdiv. Kule kuna joto tele."

Pavlina alikuwa anakata kabichi ya chumvi. Hakuinua macho.

Zlatina hakwenda Plovdiv. Alishona amevaa koti, na mikono ilipokufa ganzi aliinuka akayapapasa mabomba ukutani, akiyafuata moja moja, ajue lipi linatoka wapi. Hivyo ndivyo alivyoielewa kazi ya baba yake, akiwa na hasira. Bomba nene lilipita jikoni kwake bila koki yoyote na kuishia kwenye tangi la darini, ili maji ya boila yakivimba kwa moto yapate pa kwenda. Bomba jembamba lilitoka kwenye rejeta zake kwenda kulipasha tangi hilo lisigande. Krastyo alipofunga koki, alilikata joto na hilo pia.

Asubuhi moja ya baridi kali alipanda darini na taa. Tangi lilikuwa jiwe. Akagonga bomba nene kwa ufunguo. Nalo lilikuwa limeganda.

Alishuka mbio. Krastyo alikuwa mbele ya boila, koleo mkononi.

"Zima moto, kaka. Tangi limeganda, maji hayana pa kupumulia."

"Leo umekuwa fundi bomba?"

"Zima kwanza, utanicheka baadaye."

"Nizime tutetemeke wote, siyo? Janja yako naijua." Akatupia makaa mengine.

Zlatina alimvuta mkono, akasukumwa. Basi akachukua birika lililokuwa likichemka kwenye jiko la Pavlina, akapanda nalo darini kuliyeyusha bomba. Alikuwa bado anamimina pale nyumba ilipotikisika. Boila lilikuwa limepasuka.

Krastyo aliungua miguu yote miwili. Hakuendesha basi tena. Zlatina alimpelekea supu hospitali, naye akageukia ukuta.

"Ulikuwa darini," alisema. "Darini ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nayeyusha barafu."

"Ulikuwa unaziba bomba."

Ndivyo alivyowaambia watu, na watu wakapokea. Kanisani watu wakalihama benchi la Zlatina. Mapazia ya wateja wake yakashonwa na wengine. Kila ghorofa ikaweka jiko lake la kuni, na yale mabomba yakabaki ukutani matupu. Hata mtoto wa Krastyo, ambaye vyumba vilitakwa kwa ajili yake, alihamia Ujerumani.

Krastyo aliishi miaka mingi na magongo, na alikufa bila kumsemesha dada yake. Baada ya mazishi Pavlina alipanda ngazi kwa mara ya kwanza tangu ajali ile. Alitaka mabomba yakatwe, na hakujua aanzie wapi. Zlatina akashuka naye, akamwonyesha: hili lilikuwa linapanda, hili lilikuwa linarudi, hii ndiyo koki ya juu. Ilikuwa bado imefungwa.

Pavlina aliigusa ile koki.

"Sasa niambie, wifi. Mwenyewe hayupo tena. Bomba uliliziba kwa kitu gani?"

Zlatina alijifuta kutu mikononi.

"Kateni kuanzia hapa," alisema, akapanda kwake.