Punje Moja Ndani ya Silinda

Kwetu mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Akishakaa analetewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile punje zinazochumwa mbichi, zikachemshwa na majani ya kunukia, kisha zikaanikwa. Kwa lugha ya nyumbani tunaiita akamwani. Mwenye nyumba akiitaka anajichotea mwenyewe. Mgeni ndiye anayepelekewa, kwa mikono miwili, na kikapu chake hakiwekwi chini. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kumenya ndizi. Kikapu hichohicho nusura kinikoseshe mume.

Mume wangu alikuwa fundi. Ufundi aliupata jeshini wakati wa vita. Aliporudi alikaa nami mwaka mmoja, halafu akaenda Buganda kutafuta kazi, kama walivyokwenda wanaume wengi wa Karagwe, na huko akakaa miaka mitatu. Siku aliyorejea nilikuwa nimejipaka mafuta mpaka visiginoni. Binti yetu, aliyemwacha ananyonya, alimtazama yule mwanamume mwenye kofia, akapiga goti, akasema, "Shikamoo," kisha akakimbia ndani na kumletea kikapu cha kahawa. Kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha. Mume wangu alichukua punje moja akaitia mdomoni, na niliona kabisa kwamba hakuweza kuitafuna. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, nikawakemea kuku wasio na kosa.

Siku ile niliapa kwamba Buganda harudi tena. Lakini kiapo cha mke hakijazi chungu. Alipata kazi kwenye karakana ya mgodi wa bati, upande wa Kyerwa, akawa anakuja kwa baiskeli kila Jumamosi, na baada ya miezi minane mgodi ukapunguza watu naye akiwemo. Wanaume wa kijijini walikuwa wanajipanga kwa safari nyingine ya Buganda. Akanunua sanduku la bati, jeusi, lenye kufuli. Nililichukia sanduku lile kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote.

Kilichotuokoa kilikuwa ni lori bovu. Si bovu kabisa, lilikuwa dhaifu. Lilikuwa la mzee mmoja mfanyabiashara pale Omurushaka, Mkatoliki wa kutoka Bukoba, mtu mwema mwenye mdomo usiopumzika. Kila lori lake lilipofika chini ya ule mlima mkali wa njiani likiwa na mzigo, lilikohoa likasimama. Abiria walishuka, nusu ya magunia yakashushwa yakapanda mlima vichwani mwa watu, na utingo akatembea nyuma na gogo lake tayari kukinga gurudumu. Watu walikuwa wameshazoea. Walipoona tu mlima, walianza kujishusha wenyewe.

Mume wangu alimwambia mzee, "Shikamoo, mzee. Lori hili nitalipandisha mlima na mzigo wake wote."

"Marahaba. Utalisukuma?"

"Nitalirefushia mguu."

Mzee alicheka sana, lakini alimsikiliza. Kule mgodini lilikuwapo lori la jamii hiyohiyo, lenye injini kubwa kidogo, lililoanguka korongoni, injini ikapasuka ubavu, likaachwa kwa vyuma chakavu. Mzee akavinunua vyuma vile. Wakapatana hivi: lori likipanda mlima na shehena kamili kabla kahawa haijaiva, banda lililo nyuma ya duka la mzee litakuwa karakana ya mume wangu moja kwa moja. Lisipopanda, ataondoka na wenzake siku ya Jumatatu waliyokwisha kuichagua. Basi mimi nikawa nahesabu wiki kama mja mzito.

Mimi si mtu wa kukubali jambo nisilolielewa, kwa hiyo nilimbana anieleze. Aliipindua baiskeli yetu uani, magurudumu juu, akanishikisha pedali. "Huu mkono wa pedali ungekuwa mrefu zaidi," akasema, "ungezungusha gurudumu kwa shida au kwa wepesi?" Nikasema kwa wepesi. "Basi ndiyo krenki hiyo. Ni chuma chenye viwiko ndani ya injini. Cha lori lile lililoanguka kina viwiko virefu zaidi. Nitakitia kwenye hili." Nilipoona ameacha hapo, nikajua kuna jambo. Nikamwuliza shida iko wapi. Akanyoosha mkono wake, akanionyesha kwamba kiwiko kikiwa kirefu, pistoni, zile kama vikombe vilivyopinduliwa vinavyopanda na kushuka, nazo zitapanda juu zaidi, na juu yake kuna kifuniko cha chuma. Zikigusa tu, kwaheri injini.

Kwa hiyo alizifunga pistoni zote sita katika kitambaa changu cha kichwa, akaendesha baiskeli hadi mgodini, akawaomba wenzake wa zamani mashine ya kukerezea. Kila pistoni alikata kichwa chake kwa unene wa punje ya mtama. Hakuthubutu kukata zaidi. Konrodi, yaani mikono inayoshika pistoni kwenye krenki, alizitoa kwenye ile injini iliyoanguka, akazipima moja moja kwenye mizani ya kupimia kahawa dukani kwa mzee, akizipiga tupa mpaka zote zikawa na uzito mmoja. Krenki yenyewe ilipoingia, viwiko vyake viligonga ubavu wa injini kwa ndani. Siku tisa alikuwa akichonga nafasi kwa tupa, vumbi la chuma likimjaa hadi kwenye nyusi.

Nilimpelekea chakula kila mchana, na sikuweza kukaa bure. Nilianza kuosha bolti kwa mafuta ya taa, baadaye nikawa nazipanga, baadaye nikawa namgombeza zinapopotea. Jumapili kanisani wanawake walivuta pua wakasogea. Mzee alinikuta siku moja, akasema, "Mama, karakana si jiko. Mwanamke na injini wapi na wapi?" Nikamjibu kwamba jikoni kwangu hakuna kitu kilichowahi kushindwa kupanda mlima. Alicheka, lakini neno lake lilinibaki moyoni.

Ijumaa ya kufunga injini, mzee alikuja kushuhudia. Nilikuwa nimechemsha kahawa jana yake, haijakauka vizuri, bado laini ndani. Mgeni ni mgeni hata akija kwenye banda lake mwenyewe, nami sikutaka aseme kwamba karakana imenisahaulisha adabu. Nikampa kwa mikono miwili, akachukua, akasifu. Halafu nikatafuta pa kukiweka kikapu. Meza ilijaa bolti. Chini siwezi, mama yangu angefufuka. Nikakiweka juu ya ukingo wa injini iliyokuwa wazi, kitambo kidogo tu, huku wanaume wakiinua kile kifuniko kizito. Nilipokichukua nilisikia mlio mdogo, tik. Nikadhani ni mjusi juu ya paa.

Wakafunga. Mume wangu akatia hendeli mbele ya lori akaanza kuzungusha taratibu kabla ya kutia petroli, kusikiliza tu. Ilizunguka vizuri, kisha ikagoma. Akakaza mkono, ikapita. Ikazunguka tena, ikagoma palepale. "Silinda ya nne," akasema, na uso ukamshuka. "Pistoni inagusa juu."

Mzee akauliza, "Huwezi kukata tena kidogo?"

"Nikikata tena, kichwa chake kitatoboka ikiwa njiani. Nimefika mwisho wa chuma. Hesabu yangu ndiyo iliyokosea, mzee. Nisamehe."

Mzee alivua kofia yake akaishika mkononi.

Tukarudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshaukumbuka ule mlio. Nilijua upande nilikokiweka kikapu. Nilijua, na sikusema. Naona haya kuandika hivi hata leo, na nywele zangu ni nyeupe. Nilikuwa naisikia sauti ya mzee: mwanamke na injini wapi na wapi. Niliona wote watakavyonicheka, na mume wangu atakavyochekwa kwa ajili yangu, aliyemruhusu mkewe kupika ndani ya karakana. Nikajiambia huenda ni mjusi kweli.

Asubuhi ya Jumamosi alilivuta lile sanduku katikati ya chumba. Akaweka shati la kwanza, akaweka la pili. Binti yetu alisimama mlangoni akitazama, akaniuliza polepole, "Mama, mgeni anaondoka?"

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilikaa juu ya sanduku, juu ya mashati yake na yote.

"Inuka, waitu," akasema, kwa neno letu la kubembelezana.

"Siinuki. Silinda ya nne ina kahawa."

"Ina nini?"

"Kahawa. Ya kutafuna. Niliweka kikapu juu ya injini yako, punje ikaanguka. Nilisikia tangu jana, nikanyamaza kwa aibu. Sasa nipige ukitaka, lakini kwanza nenda ukafungue."

Hakunipiga, wala hakuwahi. Alitoka shati limefungwa kifungo kimoja tu, nami nyuma yake, na mtoto nyuma yangu, tukapita sokoni kama watu waliofukuzwa na nyuki.

Alifungua bolti zote. Gasketi ya shaba, ile inayokaa kati ya injini na kifuniko, tulikuwa nayo moja tu, akaitoa kama anavyobebwa mtoto mchanga. Na pale juu ya pistoni ya nne, palikuwa na punje yangu, imebanwa ikawa bapa kama ukucha.

Nilitaka ardhi inimeze. Mume wangu aliibandua kwa ncha ya kisu, akaiweka kiganjani, akachukua vile vibamba vyake vyembamba vya chuma vya kupimia, akaanza kuviweka kando yake kimoja kimoja. Akarudia. Halafu akakaa juu ya debe na kuanza kucheka, na machozi yakimtoka.

"Unajua hii ni nini?" akaniuliza. "Ndiyo nafasi iliyobaki kati ya pistoni na kifuniko. Sikuwa na namna ya kuipima injini ikishafungwa. Wiki zote hizi nilikuwa nakisia tu, silali. Nafasi inatosha, mke wangu. Hesabu yangu ilikuwa sawa."

Nikamwambia angeniambia mapema kwamba hana kipimo, ningemletea kikapu kizima.

Ndivyo ilivyokuwa. Alinituma nyumbani nikalete punje nyingine laini, akaweka moja katika kila silinda, akafunga, akazungusha mara moja, akafungua tena, akapima zote sita. Gasketi akaichoma kwenye makaa ikalainika upya. Mzee alipokuja jioni na kuambiwa, aliichukua punje iliyobanwa, akaitazama, akaitia mdomoni akaitafuna. "Ina mafuta," akasema. "Lakini imepikwa vizuri." Neno la mwanamke na injini sikulisikia tena.

Jumatatu lori liliondoka na shehena kamili ya maharage na mahindi, na juu ya magunia walikaa wale wanaume wa safari ya Buganda na masanduku yao. Mume wangu alikuwa karibu na dereva. Mimi nilipanda nyuma. Tulipofika chini ya mlima, bila kuambiwa, watu wote wakashuka, ndiyo desturi. Utingo akaruka na gogo lake. Mimi sikushuka. "Mama, shuka!" wakanipigia kelele. Nikashika kamba ya magunia, nikawaambia mguu wangu unauma. Haukuwa unauma. Nilimkosea mume wangu kwa kunyamaza, nikaona kama halipandi, basi lirudi nyuma na mimi.

Lori lilinguruma kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake, likapanda. Halikukohoa. Lilipanda kama mtu anayekwenda kwa shemeji yake. Nilipogeuka, niliwaona wanaume wa Buganda wakikimbia nyuma yetu kofia mikononi, na utingo akiwa wa mwisho kabisa, bado amekumbatia gogo. Tuliwasubiri juu kwa muda mrefu. Walifika wakitutukana kwa furaha.

Mmoja wao alimwuliza mume wangu, "Na sanduku lako liko wapi?"

"Kuku amelitagia," akajibu. Alisema uongo, lakini tulipofika nyumbani niliyatoa mashati nikalipeleka kwenye banda la kuku, na kabla ya wiki kwisha ikawa kweli.

Aliunda injini nyingine nyingi katika lile banda, na kila alipokaribia kufunga aliniomba punje laini. Lakini ninayoikumbuka zaidi ni ile ya kwanza baada ya lori la mzee. Aliingia ndani, mikono imejaa grisi, mimi niko nje naanika nguo. Akakaa, akamwambia binti yetu, "Mwanangu, niletee kikapu cha kahawa."

Mtoto alikuwa anacheza na makopo. Hata hakuinua macho.

"Kipo palepale, baba," akasema. "Si ujichotee mwenyewe?"