Mjane wa Kocha wa Sita

Kiangazi kile redio ya Alder Creek ilipoamua kupanga makocha kumi bora katika historia ya ligi yetu ya vyuo ya mpira wa Kimarekani, mji mzima ulikuwa na swali moja tu: Merle Haugsted atakuwa wa kwanza au wa pili? Merle alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, lakini jina lake bado lilisomeka kwenye tangi la maji, kwa herufi zilizoonekana kutoka barabara kuu. Basi mtangazaji Duane Pruitt aliposoma matokeo ya kura, na Merle akatajwa wa sita, watu walinuna kana kwamba wametukanwa wao. Kibaya zaidi, wa tano alikuwa Otis Brandvold wa Tilden Falls, ng'ambo ya mto, mahasimu wetu wa kufa na kupona.

Asubuhi iliyofuata Verna, mjane wa Merle, aliingia mkahawani kama kawaida yake. Wanaume wa meza ya dirishani wakanyamaza ghafla. Verna alikuwa ameendesha basi la shule miaka ishirini na ushee, na kelele za watoto hazikuwahi kumtia wasiwasi. Kilichomtia wasiwasi ni kimya.

"Haya, nani kafa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa, Verna," alijibu Roscoe, mwenye mkahawa, huku akifuta kaunta iliyokwisha kufutwa. "Nikumiminie kahawa?"

"Ni mambo ya redio, eti? Nimesikia. Wa sita." Akavuta kiti. "Mimi ningemweka wa nane."

"Wa nane!" Roscoe nusura aangushe birika. "Mke wake mwenyewe unasema hivyo?"

"Wewe ulilala naye kitanda kimoja? Merle akiongoza kwa pointi tatu tu, anaingiwa na baridi. Anajikunyata kuzilinda mpaka anazipoteza. Nilimwambia miaka yote hiyo, akawa ananiambia niendeshe basi langu."

Wanaume wakacheka, lakini hawakuridhika. Walitaka mtu aende redioni akampiganie Merle, na nani zaidi ya mjane wake? Duane mwenyewe alimpigia simu adhuhuri ile kumwalika kwenye kipindi cha Ijumaa. Verna akasema atafikiria.

Kusema kweli, maisha yake na mpira yalianza kwa bahati tu. Alikuwa binti wa wafuga nguruwe, hakujua mpira wa Kimarekani ni nini zaidi ya vijana wenye helmeti kuangushana matopeni. Aliolewa na Merle akidhani ameolewa na mwalimu wa historia. Mwaka wa pili chuo kikampa Merle timu, na kuanzia hapo nyumba yao haikuwahi kukosa vijana wenye njaa. Kila Alhamisi aliwapikia tambi za mayai kwa kuku, na pai za rubabu, ule mmea mchachu wa bustanini, sufuria baada ya sufuria. Hakujifunza kamwe majina ya mbinu zao. Alijifunza nani anamkumbuka mama yake, nani hali vizuri, nani anaficha goti bovu ili asiachwe nje. Aliyapenda maisha hayo. Hata alipobaki peke yake, hakuwa mtu wa kusononeka; alilima nyanya, aliimba kwaya, na kila Jumamosi ya msimu alikwenda uwanjani na blanketi lake.

Jioni hiyo, baada ya simu ya Duane, alikaa kibarazani akiwaza juu ya Brandvold. Kulikuwa na jambo ambalo yeye na Merle walikuwa wamelihifadhi tangu ujana wao.

Ulikuwa mwaka wa mechi ya ubingwa, Alder Creek wakienda kucheza kwa Brandvold. Siku ya Jumatano baba yake Kurt Lemke alianguka zizini na kufa. Kurt ndiye aliyekuwa mrusha mpira wa Merle, na bila yeye timu haikuwa na mtu ila kijana wa mwaka wa kwanza aliyetetemeka akipewa mpira. Mazishi yalipangwa Jumamosi, saa ileile ya mechi. Merle hakula chakula cha jioni. Ndipo simu ikalia, na Verna akaipokea.

"Verna, huyu ni Brandvold. Mwambie Merle mechi ni Jumatatu. Nimetangaza kwamba ngazi za jukwaa letu zimejaa barafu."

"Zimejaa kweli, Kocha?"

"Kidogo. Kijana akamzike baba yake. Na msimwambie lolote, sitaki acheze dhidi yangu kwa huruma."

Jumapili barafu iliyeyuka. Wachezaji wa Brandvold walikuwa na mbio kama swala, na uwanja mgumu wa Jumamosi ungewafaa. Jumatatu ulikuwa tope tupu, miguu ikizama hadi vifundoni. Kurt akawashinda. Watu wa Tilden Falls walimlaani kocha wao kwa kuogopa barafu, na chuo nusura kimfukuze. Hakujitetea hata kwa neno moja. Ubingwa ule hakuupata tena.

Asubuhi Verna alimpigia Kurt, ambaye sasa alikuwa babu mwenye duka la matrekta.

"Kurt, nina jambo nataka kulisema redioni, lakini linakuhusu."

"La barafu?" Kurt akacheka taratibu. "Merle aliniambia siku ya harusi yangu. Nilikwenda kwa Brandvold kumshukuru, akanifukuza mlangoni, akisema sijui ninachozungumza. Sema, Mama. Sema kwa sauti."

Ijumaa mkahawa ulijaa, redio imewekwa juu ya kaunta. Duane alianza kwa heshima zote.

"Bibi Haugsted, karibu sana."

"Duane, mimi nilikuteremsha kwenye basi ulipompiga dada yako kwa sanduku la chakula. Niite Verna."

Kisha akamtaja kocha ambaye yeye angemweka wa kwanza. Roscoe aliposikia jina la Brandvold alishika kichwa. Lakini Verna aliendelea, akaeleza tangu simu hadi tope, bila kutia chumvi, na kadiri alivyoeleza ndivyo mkahawa ulivyotulia. Alipomaliza, Duane alikohoa mara mbili akasema kuna mtu kwenye simu.

"Huyo mama ametunga," ilisema sauti nzito ya kizee. "Barafu ilikuwepo."

"Kidogo, Kocha," Verna akajibu. "Ulisema mwenyewe."

Brandvold akacheka hadi akapaliwa. "Merle alikuwa bora kuliko mimi, Verna. Aliwafundisha vijana wadhaifu wakacheza kama simba."

"Acha kunipaka mafuta. Wa nane."

"Wa nane? Jamani, hata mimi ningempa wa nne!"

Kura zilipigwa upya. Brandvold akapanda hadi wa pili; Merle akabaki wa sita, na safari hii hakuna aliyelalamika sana, isipokuwa mchinjaji, ambaye kwa wiki nzima alimkatia Verna vipande vyenye mafuta mengi kuliko nyama. Wiki ya pili alimwekea soseji za bure, mambo yakaisha. Barua nazo zilimfikia Brandvold kutoka kwa watu waliokuwa wakimlaani kijana kwa mzee, na binti yake alisema alizisoma zote, huku akifuta macho na kudai miwani yake imeharibika.

Msimu ulipofunguliwa, Alder Creek walikwenda Tilden Falls. Brandvold, mwenye umri wa miaka tisini na moja, alimwalika Verna akae naye kwenye safu ya mbele. Akaenda na sweta la timu yake, mzee akiwa na kofia ya timu yake, nao wakabishana nusu nzima ya kwanza kuhusu nani alistahili nafasi ya tatu. Katika nusu ya pili Brandvold alisinzia, kidevu kifuani. Verna alimfunika miguu kwa blanketi lake, akachukua bisi za mzee zilizobaki, akazila zote, huku timu yake ikiongoza kwa pointi tatu na kocha wao mpya akiendelea kushambulia.