Heshima ya Maskati

Kwa misimu mitatu Somoe binti Yahya alikuwa beki wa kushoto wa klabu moja ya wanawake nchini Moroko, na kwa misimu hiyo hiyo mitatu, kijijini kwao Miteja, alikuwa mfanyakazi wa ndani Maskati. Kazi ya kwanza aliifanya mwenyewe. Ya pili alifanyiwa na baba yake, kwa mdomo, kila alipoulizwa barazani binti yuko wapi.

Aliyajua haya siku ya pili ya likizo yake, mwezi wa saba, wakati mikorosho inapopuliziwa salfa na kijiji kizima kinanuka kiberiti. Jirani yao, Bi Siwema, aliingia uani na sahani ya vitumbua, akamtazama juu mpaka chini.

"Shikamoo, Bi Siwema."

"Marahaba, mwanangu. Ee, umenawiri! Na huyo mama mwenye nyumba kakupa ruhusa ya siku ngapi?"

"Mama yupi?"

"Tajiri yako. Wa Maskati."

Somoe alimgeukia baba yake. Mzee Yahya ndiyo kwanza alikuwa ametoka shamba, bomba la kupulizia likiwa mgongoni, kofia na nyusi zimegeuka njano. Aliinama akaanza kufungua kamba za bomba, ambazo siku hiyo zilikuwa na mafundo mengi isivyo kawaida.

"Ni mama mwema," akasema, uso chini. "Kampa mwezi mzima."

Jirani alipoondoka, Somoe aliuliza, "Baba, umewaambia watu kwamba nafua nguo za watu?"

"Ulitaka niwaambie nini? Kwamba binti yangu anakimbia na bukta mbele ya wanaume?"

"Moroko ni nchi ya Kiislamu, Baba. Kipa wetu anacheza na hijabu yake, na babaye huja uwanjani kumtazama, na chupa ya chai mkononi."

"Hao ni wa huko. Mimi naswali na watu wa hapa."

Tusimhukumu mzee haraka. Hakuwa mwongo wa kuzaliwa. Aliipima jamii yake, akaipa uongo inaoumudu. Kwetu sisi, binti akiamka alfajiri kudeki nyumba ya mtu asiyemjua, akanyang'anywa pasipoti, akala amesimama, huyo ni binti mwenye maadili. Binti huyo huyo akifanya kazi kwa mkataba, na goti lake likatibiwa na daktari wa klabu, amepotea. Wanaume wanaosema hivyo hujazana kila Jumamosi katika banda la video pale Nangurukuru, wakatoa kiingilio ili kutazama mapaja ya wanaume wa Uingereza, na hakuna anayeomba toba.

Somoe aliamua kunyamaza kwa ajili ya baba yake, na angenyamaza mpaka likizo iishe, kama vitumbua vile visingekuwa na sababu. Bi Siwema alikuwa na binti, Mwanahamisi, aliyemaliza kidato cha nne. Siku ya Alhamisi wakala mmoja aitwaye Abdurahmani angekuja kumchukua kumpeleka Maskati.

"Wewe mwenyewe unataka?" Somoe alimwuliza binti huyo walipokutana kisimani.

"Nataka kusomea ukunga, dada. Lakini mama kila siku ananionyesha bati la nyumba yenu. Anasema, mbona Somoe kaweza?"

Kabla yake wakala yule alikuwa amempeleka binti mwingine, Asumini wa Mitole. Alirudi na mkono uliounga vibaya, na hasemi ulivunjikaje. Watu wa kwao wana jibu tayari: hakuwa na subira.

"Baba, nitasema," Somoe alimwambia mzee.

"Ukisema, umenivua nguo mbele ya watu."

"Nisiposema, Mwanahamisi atapanda ndege kwa jina langu."

Mzee Yahya alichukua kopo la maji akaenda kutawadha, ingawa adhana ilikuwa bado mbali.

Alhamisi Abdurahmani alifika kwa pikipiki, kanzu nyeupe, marashi yakimtangulia. Majirani walikuwa wamejaa uani kwa Bi Siwema, Mzee Yahya miongoni mwao. Wakala alipomwona Somoe, uso ulimchangamka.

"Mfano si huyu hapa? Wazazi, huyu nilimpeleka mimi, kwa mikono yangu miwili!"

"Mjomba Abdurahmani," Somoe akasema, "wewe hujawahi kunipeleka hata Somanga. Na mimi sijakanyaga Maskati. Nacheza mpira, Moroko."

Akapandisha upindo wa dera kidogo, wakaona kovu la njumu kwenye muundi. Wanawake wakasema astaghafirullah. Si kwa ajili ya kovu, kwa ajili ya muundi. Akawaeleza habari za Asumini na mkono wake. Hakuna aliyemsikiliza. Bi Siwema alikuwa angali kwenye mpira.

"Ngoja kwanza. Mtoto anakwenda Arabuni kufanya kazi za ndani, anarudi mcheza mpira?"

"Sivyo, mama!" wakala akadakia. "Moroko na Maskati ni mbali kabisa!"

"Si Waarabu wote?"

"Ni Waarabu, lakini..."

"Somoe, mwanangu, nambie kweli. Walikulazimisha?"

Neno moja lingetosha. Angesema ndiyo, Mwanahamisi angebaki nyumbani, na baba yake angekuwa mzazi wa binti aliyeonewa, jambo ambalo kijiji kinalisamehe upesi. Somoe alimtazama baba yake, aliyekuwa anaitazama ardhi.

"Hakuna aliyenilazimisha, Bi Siwema. Naupenda."

Bi Siwema alijishika kichwa. "Wamemharibu mpaka moyo! Lete pasipoti ya mwanangu, we Abdurahmani, lete!"

Wakala aliapa kwa Mungu kwamba huko Maskati wasichana wake hawaruhusiwi hata kutoka nje ya geti, sembuse kwenda uwanjani. Lilikuwa neno la kweli kuliko yote aliyosema siku ile, na ndilo pekee ambalo hawakuliamini.

Mwanahamisi hakusafiri. Aliokolewa na hofu ya mpira, baada ya mkono uliovunjika kushindwa kumwokoa, na akakatazwa kukanyaga mlango wa kina Somoe. Abdurahmani yuko Mitole siku hizi, akiwahakikishia wazazi kwamba huko aendako binti hatagusa mpira.

Ijumaa iliyofuata, msikitini, wale waliompongeza Mzee Yahya kwa misimu mitatu walimpa mkono wa pole kama mfiwa. Alirudi, akavua kofia, akakaa kwenye mkeka karibu na binti yake.

"Yule baba wa kipa wenu," akauliza hatimaye, "akija na hiyo chupa yake ya chai, watu humcheka?"

"Humwomba chai, Baba."