Siku Usumani Alipotafsiri Agano

Usumani alikuwa fundi cherehani wa Biryogo, mtaa wa Waswahili katika mji wetu mkuu, na kama uliwahi kuvaa koti lake huna haja ya kuelezwa zaidi. Babu yake alikuja na misafara kutoka Bagamoyo, akaoa hapa, akazikwa hapa. Lugha aliyoiacha, Kiswahili, ndiyo aliyopimia Usumani wateja wake, na ndiyo iliyompandisha Kimihurura, kilima cha ofisi za serikali, siku moja ya mvua za Aprili, mwaka 1990.

Wajumbe wa nchi jirani walikuwa wamekuja kutualika katika umoja wa kujihami: akivamiwa mmoja, wote wainuke. Sisi, nchi unayoivuka kwa gari kabla chai haijapoa kwenye chupa, tulikuwa tunasitasita. Karatasi ziliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, lakini siku ya pili wageni walichoka nazo, wakageukia Kiswahili cha kambi za jeshi, na mkalimani wa ofisi akabaki ameduwaa. Cassien, mkurugenzi aliyeongoza upande wetu, akamkumbuka fundi wake wa suti.

"Balozi wa Biryogo huyo," majirani walimtania Usumani alipopanda gari la serikali. "Waambie watuvutie na bomba la maji."

Mkewe, Mukankusi, hakutania. Alimshika kola kana kwamba anainyoosha. "Tukiingia, kikosi cha kwanza kutolewa ni cha Kaze. Amesema mwenyewe. Sikiliza vizuri, Baba Kaze." Kaze alikuwa mtoto wao wa pekee, askari wa mwaka wa pili.

Huko juu Usumani alikuta meza ndefu kuliko duka lake. Akaketi pembeni akistaajabu: kumbe hivi ndivyo nchi zinavyoshikana mikono? Watu kumi, glasi za maji, na milioni saba wako nje wanapalilia maharagwe yao, hawana habari.

Asubuhi ilikwenda salama. Kisha Benon, kiongozi wa wageni, mtu mnene mcheshi, akataka kumaliza kwa neno lenye uzito. "Tusiuite mkataba," alisema. "Mikataba inachanika. Tufunge agano."

Agano. Usumani alilitafutia mwenzake katika Kinyarwanda. Lipo neno amasezerano, makubaliano tu, hata ya kupanga nyumba. Akaliona jepesi mno kwa meza ile. Akachukua zito kuliko yote aliyoyajua: igihango.

Igihango ni kiapo cha kuchanjiana. Wawili wanachanjwa karibu na kitovu, kila mmoja anakunywa damu ya mwenzake, na tangu hapo atakayemsaliti nduguye kiapo kitamla yeye, kitamla na mwanawe. Hakivunjiki. Basi wale wakubwa waliosoma Ulaya, wenye kalamu za dhahabu, waliondoa mikono yao mezani. Mmoja alijishika tumbo. Cassien alifunga faili taratibu.

"Waambie tunashukuru," alisema. "Hilo hatuwezi. Si sisi tu, ni watoto wetu."

Hapo ndipo Usumani alipojua alichofanya. Na papo hapo akajua kwamba akilifikisha jibu lile kama lilivyo, wageni watakwenda zao na Kaze atabaki. Hakuna ambaye angegundua.

"Mzee, wanasemaje?" Benon aliuliza. "Usinifiche, hata kama ni matusi."

Usumani aliitazama ile mikono iliyojificha chini ya meza. Neno moja, tena la kinywa cha fundi, limewatetemesha watu wanaoamrisha majeshi. Maishani mwake hakuwahi kukaa karibu na kitu kikubwa namna ile. Akaona ni kufuru kukitumia kumficha mwanawe.

"Bwana Mkurugenzi," akasema kwa Kinyarwanda, "kosa ni langu. Hakusema igihango. Alisema agano, nami nikalivika nguo isiyo yake. Anachotaka kinaandikwa, na kilichoandikwa kinafutika."

"Hakuna damu?"

"Hakuna."

"Na tukitaka kutoka?"

"Hilo sijui. Muulizeni."

Siku mbili walikuwa wakilizunguka swali hilo, sasa wakaliuliza. Benon, alipoelezwa igihango ni nini, alianza kucheka, akaacha. "Babu zetu nao walichanjiana," alisema. "Hata mimi nisingethubutu." Wakaandika upya: mwaka mmoja wa kukaa na kutazama, bila kikosi, bila bunduki, na ruhusa ya kuondoka.

Cassien alimsindikiza Usumani hadi kwenye gari. "Tutapeleka mtu mmoja akae nao, atuandikie anayoyaona. Awe askari, na kile Kiswahili chao akijue kweli. Una mtoto jeshini, Muzehe?"

Usumani angeweza kukosea tena.

"Ninaye," alisema. "Anaitwa Kaze."

Nyumbani Mukankusi alisikiliza yote akiwa amesimama.

"Kwa hiyo anakwenda."

"Anakwenda na daftari."

"Mwaka mmoja?"

"Mmoja. Wameandika, nimeona kwa macho yangu."

Mukankusi akakaa. Akauliza kama huko kuna baridi.