Pikapu ya Mama Mkwe

Mimi na mama mkwe wangu hatujawahi kushikana mikono. Watu wa mjini wakisikia hivyo hudhani tuna ugomvi. Hatuna. Kwetu Wakipsigis, mama aliyekuzalia mke humpi mkono, huwezi kuketi naye meza moja, wala humkazii macho. Mkikutana njiani, wewe unajipinda upande wako, yeye anavuta leso usoni na kugeukia upande wake, halafu mnasalimiana mkiwa mmetazama majani chai. Ni heshima, na kusema kweli mimi naipenda. Katika ndoa yangu yote nimemjua mama huyu kwa sauti na kwa mgongo.

Basi siku moja alikuja kututembelea kutoka Chebunyo. Nilikuwa langoni nikifungua tairi, nikainua kichwa, na huyo hapo mbele yangu. Akanitazama usoni moja kwa moja, akasema, "Chamgei," vile angemsalimia mpita njia yeyote. Nilishtuka mpaka spana ikaniponyoka. Niliitikia kwa sauti ndogo, na aliposikia sauti yangu ndipo alipogutuka, akajifunika leso na kurudi nyuma, nusura aanguke mtaroni.

Nilikwenda jikoni nikamwambia mke wangu, "Mama yako haoni." Akanikatalia kabisa. Alisema mama amechoka na safari, na mimi napenda kuwatafutia watu magonjwa. Lakini jioni alimwona akijimiminia chai kando ya kikombe, chai ikateremka mezani mpaka kwenye nguo, na mama mwenyewe anaendelea kumimina. Mke wangu alichukua kitambaa akapangusa. Hakunibishia tena.

Alimpeleka kwa daktari wa macho upande wa Kaplong, kwa pikipiki, maana kutoka kwetu hadi lami ni mteremko wa matope tupu. Walirudi wamelowa chapachapa. Habari ilikuwa hivi: ni mtoto wa jicho, na yuko kwenye macho yote mawili. Anaweza kutolewa, jicho moja kwanza na lingine baadaye, lakini mama ahudhurie kliniki mara kwa mara, na akae karibu ili atiwe dawa. Akiacha hivyo hivyo, atabaki gizani. Mama akasema amesikia, ila pikipiki hatapanda tena maishani mwake.

Sasa wanawe wa kiume wako mbali, kwenye kazi zao. Aliyekuwa karibu ni binti yake, na binti yake ana mume mwenye pikapu. Huyo mume ndiye mimi.

Mimi si fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi anayependa kulala chini ya gari. Pikapu yenyewe niliipata ikiwa mzoga, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, na kila Jumamosi kwa muda mrefu nimekuwa nikiirudishia uhai kidogo kidogo. Mwili wake ni wa buluu. Mlango wa abiria ni mwekundu, kwa sababu ulitoka kwa gari lingine na mimi sikuona ubaya. Mke wangu huiita mke mwenza. Akinitafuta huwauliza watoto, "Baba yenu yuko kwangu au yuko kwa yule mwingine?"

Kwa ajili ya mama niliishughulikia pikapu ile kuliko nilivyowahi. Nilibadilisha breki, nikafunga springi mpya, nikakivua kiti cha abiria na kukishona upya mimi mwenyewe, kwa sindano ya magunia, na sponji nene ndani. Kilikuwa kiti cha kujivunia. Asubuhi ya kliniki nikaisogeza mbele ya nyumba, nikaufungua ule mlango mwekundu, nikasimama mbali na kutazama pembeni kwa adabu zangu zote.

Mama alikuja akipapasa bati la gari kwa kiganja. Akaufikia mlango uliokuwa wazi. Akaupita. Akaendelea kupapasa mpaka nyuma, akashika ubao na kuanza kupanda mahali ninapobebea magunia ya majani chai, mama wa umri ule, mguu mmoja hewani.

"Mama, huko ni kwa majani," mke wangu akamwambia.

"Nitakaa na majani," akasema. "Mwambie huyo mtu asante kwa kiti. Lakini goti langu na goti lake haziwezi kukaa pamoja kwa kiti moja."

"Nitakaa katikati yenu."

"Hata ukikaa. Na umwambie tena, kwa jirani nimelala vya kutosha, na kulala kwa nyumba yake siwezi. Nilale nikimsikia akikoroma?"

Mke wangu akamkumbusha kwamba sisi sote tumeokoka na tunakwenda kanisani kila Jumapili. Mama akasema Mungu hajamwambia akose adabu. Kliniki ya siku hiyo ikaenda hivyo, tukaikosa.

Nilikasirika, acha nikwambie. Nilipiga tairi teke, na mtu aliyeumia ni mimi. Nilimvuta mke wangu kando ya zizi nikamwuliza, kwani heshima ni bora kuliko macho? Huyu mama anataka nifanye nini, nigeuke mwanawe wa kuzaa? Yeye aliningoja nimalize. Nilipoishiwa na pumzi akasema, "Kwake, ndiyo, ni bora. Yeye hatabadilika, na mimi sitaki mama yangu awe kipofu. Wewe ndiye unajua kutengeneza vitu. Tengeneza."

Nilikaa juu ya ndoo nikaitazama pikapu, na hasira ikaanza kunitoka polepole, maana akili ilikuwa imeshaanza kupima.

Niliamua mama atakuwa na chumba chake nyuma. Nilinunua vyuma vya mraba na mabati, nikaazima mashine ya kuchomelea kwa fundi mmoja wa Kapkatet, na nikajifunza kazi hiyo juu ya gari langu mwenyewe. Viungo vya vyuma nilivyochomelea kwanza vilikuwa kama mavi ya kuku. Nikavikata, nikarudia. Kibanda kikasimama. Ndani nikaweka benchi lenye godoro, linalotazama nyuma, ili mama awe amenipa mgongo na mimi nimempa wangu, kila mtu na adabu yake. Kati yake na dereva nikaacha kidirisha, nikakitundikia pazia. Nyuma nikaning'iniza ngazi ya chuma, na kando yake mpini mrefu ambao mkono usioona ungeukuta bila kutafuta.

Nilimpandisha mke wangu kwa majaribio, tukashuka hadi barabarani na kurudi. Alitoka amevimba macho, anakohoa, na ameshikilia tumbo. Moshi wote wa injini ulikuwa umemwingilia. "Unataka kumtibu mama au kumkausha?" akaniuliza. Nikarudi chini ya gari, nikarefusha bomba la moshi na kulitolea ubavuni, nikaziba kila tundu kwa mpira. Safari ya pili alitoka akicheka, akasema benchi lile ni laini kuliko kitanda chetu.

Ikabaki mahali pa kulala. Huko chini kwenye pembe ya shamba, nyuma ya zizi, nilijenga chumba kimoja cha mbao. Nikamwekea jiko dogo, na kamba kutoka mlangoni hadi chooni ya kuifuata kwa mkono. Vizuri sana. Lakini njia ya kufika huko ilipita mbele kabisa ya mlango wangu, na mama asingekubali kupita hapo kila siku. Njia nyingine haikuwepo. Upande wote uliobaki ulikuwa chai.

Hapa kwetu mtu haing'oi chai. Unaweza kuuza ng'ombe, unaweza kukata miti, lakini chai iliyoshika inabaki pale mpaka wajukuu. Nilisimama na jembe mbele ya mstari ule wa mwisho, na roho ilikataa. Mke wangu alinikuta hapo. Yeye ndiye anayeichuma mistari hiyo, anaujua kila mche. Alinitazama, akavua kikapu cha majani mgongoni, akaenda kuchukua jembe lingine, akawa wa kwanza kupiga. Jirani yetu, mzee anayetokea upande wa Nyeri na aliyenunua shamba hapa zamani, akaja mpaka kwenye ua. "Mwalimu, wewe umerogwa?" akauliza. Nikamwambia natengenezea mama mkwe barabara. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Baadaye alirudi na toroli la kokoto, akalimwaga kwenye njia mpya.

Siku ya operesheni mama alitoka kwa mlango wake, akashuka kwa njia yake, mpaka lango dogo nililomfungulia mwisho wa njia hiyo, ambapo pikapu ilikuwa ikingoja. Mimi nilikuwa nimeshashika usukani, macho mbele. Nilisikia mkono ukipapasa bati, ukakuta mpini, ukatulia hapo. Kisha mguu kwenye ngazi, mke wangu akimfuata nyuma. Kisha benchi likalia kidogo, na bati likagongwa, ndiyo ishara tuliyokuwa tumekubaliana. Nikaingiza gia taratibu kama niliyebeba mayai. Njia nzima aliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, na mimi nikawa naendesha nikisikiliza kama sauti itakatika kwa hofu. Haikukatika. Aliyekuwa na hofu ni mimi.

Walilala huko hospitalini, yeye na mke wangu, jicho likiwa limefungwa bandeji. Nilirudi asubuhi nikakaa nje kwenye ukumbi, maana ndani si mahali pangu. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, nikawa nasikia. Daktari aliifungua bandeji. Akamwuliza anaona nini, mke wangu akamfasiria.

"Mwangaza," mama akasema.

"Na kitu gani kingine?"

"Mwangaza tu."

Daktari alisema tusiharakishe, jicho lizoee. Lakini mke wangu alipochungulia mlangoni, uso wake ulikuwa umesinyaa. Aliniambia mama ameshikwa na baridi na leso yake imebaki kwenye pikapu. Nilikimbia kuichukua, na njiani nilikuwa nikiwaza kile kibanda, ile chai iliyong'olewa, na mama anayepapasa bati, na kwamba labda ndivyo itakavyokuwa mpaka mwisho. Nilikuwa na huzuni ambayo sikuitegemea. Kwa hayo mawazo nilijisahau. Sikubisha hodi, niliingia moja kwa moja mpaka katikati ya chumba, leso mkononi.

Mama aliinua uso akanitazama. Moyo ulinianguka, kwa sababu alinitazama wazi, usoni, kama siku ile ya langoni. Mimi nilikuwa nimekauka pale, sijatamka neno, sijakohoa hata. Kisha jicho lile likashuka kwenye viatu vyangu. Likapanda kwenye suruali yenye madoa ya grisi, likapanda mpaka usoni, likasimama. Na ghafla mama akageukia ukutani. Mkono wake ukaenda kichwani kutafuta leso, haukuikuta, akajifunika uso kwa kiganja.

Nesi akashtuka. "Anaumwa?"

"Haumwi," nikasema. "Ameniona."

Mke wangu alikaa chini kitandani akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Mimi niliiweka leso mahali mkono wa mama ungeifikia, nikatoka haraka, jinsi inavyotakiwa. Nilikwenda kukaa ndani ya pikapu, kwenye kile kiti cha abiria ambacho mama mkwe wangu hatakikalia kamwe, nikalia mpaka nikatosheka. Sikuona haya yoyote.

Tuliporuhusiwa, nilishika usukani na kutazama mbele. Nilingoja kusikia mkono ukipapasa bati. Sikuusikia. Nilisikia ngazi tu, halafu benchi, halafu bati likagongwa. Tulipofika karibu na mteremko wetu, pazia likasogea kidogo nyuma ya kichwa changu. Ilikuwa sauti ya mke wangu.

"Mama anauliza, ni nani alikuwekea mlango mwekundu kwa gari ya buluu."

"Mwambie Mama," nikasema, "nitaupaka rangi kabla ya jicho la pili."