Kabati Lililomwangukia Anders

Corinne Dahlberg alikuwa mpishi wa shule ya msingi huko Alder Falls, Wisconsin, mwanamke mcheshi aliyemjua kila mtoto kwa jina na kwa chakula asichokipenda. Mwanawe, Anders, alikuwa na miaka miwili. Mchana mmoja aliamka peke yake, akavuta droo za kabati lake la nguo na kuzipanda kama ngazi. Kabati likamwangukia. Zulia lilikuwa nene, kishindo hakikusikika. Corinne alikuwa chumba cha pili akikunja nguo za mtoto huku akidhani bado amelala.

Baada ya mazishi majirani walileta vyakula mpaka friji ikakataa kufungwa, na kila mmoja alikuja na swali lilelile machoni: kwa nini hamkulifunga ukutani? Aliyemuumiza zaidi ni mama mkwe wake, Verna. Yeye hakuuliza chochote. Aliacha tu kuja. Wakikutana kanisani alimkumbatia mwanawe, mume wa Corinne, akampita Corinne kama anapita kiti.

Corinne akaja kujua kwamba hayuko peke yake. Walikuwepo wazazi wengine waliofiwa vilevile, na wakaungana kudai sheria: kabati lisiuzwe kama haliwezi kusimama droo zikiwa wazi na mtoto akining'inia. Mbunge mmoja wa jimbo akakubali kuwapelekea muswada.

Asubuhi ya kwenda kutoa ushahidi, Corinne alimkuta Verna amesimama kando ya gari, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Nitakaa mbele," Verna alisema. "Magoti yangu hayapendi nyuma."

Njia nzima alizungumzia theluji tu.

Mbele ya kamati ya bunge la jimbo, Corinne alieleza vizuri hadi mheshimiwa mmoja alipoegemea meza. "Pole sana, mama. Lakini tukitunga sheria kwa kila meza na kabati, wazazi watabaki na kazi gani? Wewe ulikuwa wapi?"

Corinne alifungua mdomo ajibu. Nyuma yake kiti kikakwaruza sakafu.

"Bibi, jina lako halimo kwenye orodha ya mashahidi," mwenyekiti alisema. "Tafadhali keti."

"Nitakaa nikimaliza," Verna alijibu. "Ameuliza alikuwa wapi. Alikuwa anamkunjia mtoto wake nguo! Wewe wanao walipokuwa wakilala mchana, mkeo alikuwa anakaa kuwakodolea macho? Mimi nimelea watano, kijana, na wote walipanda kila kitu mle nyumbani. Sikuwa mwangalifu kumshinda huyu. Makabati yangu yalikuwa mazito, basi."

Akakaa. Bila kumtazama Corinne, akaupapasa mkono wake hadi akaupata.

Wakirudi jioni, taa za mji zilianza kuonekana.

"Nilikulaumu," Verna alisema.

"Najua."

"Ilikuwa rahisi kuliko kumlaumu mtengeneza kabati nisiyemjua hata sura."

"Najua, Mama."

"Na wewe acha kusema najua, unanipandisha presha!"

Corinne akacheka, halafu akalia, ikabidi asimamishe gari kando ya barabara. Verna akamfuta uso kwa skafu yake mwenyewe.

Mwaka ule muswada ulifia kwenye kamati. Wakarudi mwaka uliofuata, safari hii jina la Verna likiwemo kwenye orodha, na muswada ukapita. Watu walipopiga makofi, Corinne alibaki ameinamisha kichwa. Sheria ilikuwa imekuja, na Anders hayupo.

Lakini sheria ilihusu makabati mapya, na nyumba za Alder Falls zimejaa ya zamani. Verna akanunua drili ya umeme ya kutobolea ukuta. Kila wanaposikia kuna mtoto mchanga mtaani, wawili hao huenda kubisha hodi, Corinne na mikanda ya kufungia makabati ukutani, Verna na drili yake. Wenye nyumba wengi hushukuru. Wapo pia wanaocheka na kusema mtoto wao mtulivu, hana utundu.

"Hajaanza," Verna huwajibu, na kuuliza soketi iko wapi.